Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Yesu alipoingia nyumbani mwa Zakayo hakuilaani kodi. Aliuponya moyo wa mtoza kodi. Nasi hatuandiki haya ili kumfundisha mtu kukwepa. Kulipa kodi ni wajibu wa haki, kwani kwayo hujengwa barabara, shule na zahanati zetu. Lakini kulipa kupita kiasi kinachodaiwa na sheria, kwa sababu ya kutojua tu, si uzalendo bali ni hasara ya maskini.

Tutazame mfano. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 halipi kodi ya mapato ya makadirio. Mwenye mauzo kati ya 4,000,000 na 7,000,000, akiwa na kumbukumbu kamili, hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi 4,000,000. Asiye na kumbukumbu hutozwa 100,000. Basi mama auzaye dagaa Muleba, au kijana mwenye kibanda sokoni Bukoba, akiuza kwa 5,000,000, daftari litamdai 30,000 tu. Akilikosa, 100,000. Hizo 70,000 ni madaftari na sare za watoto wake.

Ni nani atakayemfundisha? Huko Marekani, kwa zaidi ya miaka 50, watu wa kujitolea wamewasaidia wenye kipato kidogo kujaza fomu za kodi bila malipo. Nasi tunao walimu wastaafu na wahasibu katika jumuiya zetu. Tunapendekeza kila parokia iteue wachache walio waaminifu, ili mara moja kwa mwezi, baada ya Misa, wafundishe kuandika mauzo ya kila siku na kutunza risiti. Wafundishe pia kwamba anayeona amekadiriwa isivyo haki anazo siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Wasishike fedha ya kodi ya mtu, wala wasitoe nje siri zake.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya Mamlaka ya Mapato. Ni kweli, nayo inao wajibu wa kuelimisha. Lakini wengi huingia ofisini kwa hofu, wakatoka bila kuuliza. Jirani wa jumuiya haogopwi. Tumpe Kaisari kilicho chake, na mjane abakiwe na kilicho chake.