Nani Kakwambia Umri Umekupita?

Kama uliiona The Bodyguard ya mwaka 1992, najua unachokumbuka: Whitney Houston, Kevin Costner na ule wimbo. Haya, vuta kumbukumbu kidogo. Yule meneja wa Whitney, mtu mzima mwenye busara anayekwenda kumbembeleza Costner aikubali kazi ya ulinzi, unamjua jina?

Ni Bill Cobbs. Sura unaijua, jina hulijui, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa karibu miaka 50: meneja, kocha, mlinzi wa makumbusho, mtu wa pembeni anayeifanya hadithi iaminike.

Kilichonigusa mimi ni tarehe zake. Cobbs, mzaliwa wa Cleveland mwaka 1934, alitumikia jeshi la anga la Marekani miaka minane, akafanya kazi IBM, kisha akawa anauza magari. Maisha yanakwenda, si ndiyo? Mwaka 1969 mteja mmoja akamuuliza kama angependa kuigiza. Jukwaa akalionja hapo hapo Cleveland, kwenye ukumbi wa Karamu House. Ndiyo, karamu hii hii yetu, jina wamelitoa kwenye Kiswahili!

Mwaka 1970, mwaka aliotimiza miaka 36, akafungasha kwenda New York. Huko hakutandikiwa zulia jekundu. Aliendesha teksi, akatengeneza mashine za ofisini, akauza vitu vya kuchezea watoto. Alipata hata ajira ya mauzo NBC, akaikataa, maana ingemnyima muda wa kwenda kwenye usaili. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1974. The Bodyguard ilimkuta na miaka 58, na tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana aliipata 2020, akiwa kashavuka 80. Alifariki Juni 2024.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu kuna siku mwenzako atakaa kitandani na kukwambia, "Nimechoka na benki, nataka kupiga picha." Jamani, usikimbilie kumjibu, "Tutakula picha?" Neno hilo likishatoka halirudi, na mtu anaweza kuishi na wewe miaka 20 akiwa kanuna moyoni.

Muulize mawili tu. La kwanza, teksi yako ni ipi? Yaani kibarua gani kitalipa kodi wakati ndoto inajikongoja. Cobbs hakukaa nyumbani kusubiri simu.

La pili ndilo gumu: uko tayari kuwa Cobbs, sio Whitney? Wengi tunasema tunaipenda kazi, kumbe tunapenda kupigiwa makofi. Akijibu kwamba ataifanya hata kama hakuna atakayelijua jina lake, basi mshike mkono. Huyo hatanii.