Mfuatilie mtoto kwa simu, lakini yeye mwenyewe ajue

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mtoto alitakiwa kurudi kutoka tuisheni saa kumi na mbili jioni. Saa moja imepita hajaonekana, na simu yake inaita tu bila kupokewa. Kwa mzazi yeyote, hapo tumbo linaanza kukata. Kwa mzazi mwenye mtoto wa kifafa, selimundu, pumu au kisukari, hofu hiyo huja na picha kamili: anamwona mwanawe ameanguka kituoni, watu wamemzunguka, mmoja anasema ni mashetani, mwingine anasema kalewa, na hakuna anayejua dawa yake iko mfuko gani wa begi.

Ndiyo maana wazazi wengi wanauliza: je, ninaweza kujua mtoto wangu alipo kwa kutumia simu yake? Jibu ni ndiyo, na kwa simujanja nyingi hulipi chochote zaidi ya bando. Lakini kuna swali la pili ambalo huulizwa mara chache: mtoto mwenyewe anajua kwamba unamwangalia?

Msimamo wa safu hii ni kwamba mzazi ana haki na wajibu wa kujua mtoto wake yuko wapi, ila afanye hivyo waziwazi. Kumfuatilia kwa siri kunavunja kitu ambacho mtoto, hasa mtoto mgonjwa, anakihitaji kuliko ramani yoyote: ujasiri wa kumweleza mzazi wake ukweli.

Njia zilizopo

Njia rahisi kuliko zote ipo tayari kwenye simu za wengi. Katika WhatsApp, mtoto anaweza kukutumia mahali alipo na ramani ikaendelea kumfuata kwa dakika 15, saa moja au saa nane, kisha ikajizima yenyewe. Inafaa kwa safari moja, kwa mfano mwanafunzi anayerudi likizo kwa basi la mkoani au anayekwenda kliniki peke yake kwa mara ya kwanza. Google Maps nayo ina huduma kama hiyo, na humruhusu mtoto kuiacha wazi kwa mzazi mpaka atakapoamua kuizima.

Kwa mtoto mdogo mwenye simu ya Android, Google inatoa bure programu ya Family Link. Mzazi huunganisha akaunti yake na ya mtoto, na baada ya hapo anaona mahali simu ilipo na pia anaweza kuweka mipaka ya matumizi. Wenye iPhone wana huduma ya aina hiyo inayounganisha familia ya watu wasiozidi sita. Katika njia zote hizi mtoto anaweza kuona kwenye simu yake kwamba mahali alipo panaonekana na mzazi, na hiyo ni sifa nzuri, si kasoro.

Wazazi ambao watoto wao wanatumia kitochi wasidanganywe. Simu hiyo haina programu za ramani. Kampuni za simu zinaweza kukadiria eneo kwa kutumia minara, lakini taarifa hizo hazitolewi kwa mtu yeyote anayefika dukani kwao. Hupitia polisi kwa utaratibu wa sheria. Ukikutana na mtu mtandaoni anayekuahidi kukuonyesha mtoto alipo kwa kuandika namba yake tu, mradi utangulize pesa, huyo ni tapeli. Anajua mzazi mwenye hofu hulipa haraka.

Kwa mtoto mwenye maradhi, anza na hili

Kabla ya ramani, kuna jambo dogo ambalo wazazi wengi hawalijui. Simu nyingi za Android na iPhone zina sehemu ya taarifa za dharura, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila neno la siri, hata simu ikiwa imefungwa. Hapo jaza ugonjwa wa mtoto, dawa anazotumia, kitu kinachomletea mzio na namba za watu wawili wa kupigiwa. Mpita njia au muuguzi akiichukua simu hiyo, anajua pa kuanzia. Mwenye kitochi aandikiwe kadi ngumu na aitunze mfukoni. Kadi haiishiwi chaji.

Pia hakikisha anaoongozana nao wanajua la kufanya. Aliyeanguka kifafa alazwe ubavu, aondolewe vitu vya hatari karibu yake, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na akiendelea kutetemeka zaidi ya dakika tano apelekwe hospitali haraka. Mtoto wa kisukari anayetumia insulini akianza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, apewe kitu chenye sukari akiwa bado anaweza kumeza. Rafiki mmoja anayejua haya ana thamani kuliko mzazi anayeangalia kidoa kwenye ramani akiwa kilomita ishirini mbali.

Ramani ina mipaka yake

Mzazi anayetegemea ramani aelewe kwamba anachokiona ni simu, wala si mtoto. Simu ikisahauliwa kwenye daladala, ramani itaonyesha daladala. Bando likiisha au chaji ikikatika, kidoa kitasimama mahali kilipoonekana mara ya mwisho. Mahali penye anga wazi kipimo kinaweza kukosea mita chache tu. Ndani ya majengo au penye mtandao hafifu kinaweza kukuonyesha mtaa wa pili. Wapo wazazi ambao hawalali kwa sababu simu ya mtoto imezimika, kumbe mtoto yuko kwa shangazi yake anakula chakula cha usiku na umeme umekatika. Kuchungulia ramani kila dakika tano hakumlindi mtoto. Kunamchosha mzazi, na mtoto naye anajifunza kwamba dunia nzima ni ya kuogopwa.

Tena hatari nyingine hazipo barabarani. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ilikuwa takriban mmoja katika kila saba. Sehemu kubwa ya matukio hayo ilitokea ndani ya nyumba ya mtu, na wengi waliofanyiwa hawakumweleza yeyote. Ramani ingeonyesha mtoto yuko mahali salama, kwa jirani au kwa ndugu. Kinachoweza kumwokoa mtoto wa namna hiyo ni mdomo wake, na mdomo hufunguka kwa mtu anayeaminiwa.

Achana na programu za kificho

Kuna programu zinazouzwa kwa wazazi kwa ahadi kwamba mtoto hatajua lolote. Zinasoma ujumbe wake, zinasikiliza simu zake na kuonyesha kila anapokwenda. Tunamshauri mzazi aziache, kwa sababu tatu.

Kwanza, mara nyingi hupakuliwa nje ya soko rasmi la programu, na ili zifanye kazi hutakiwa kulegeza ulinzi wa simu. Mlango unaouacha wazi kwa ajili yako hauchagui nani mwingine atapita.

Pili, hujui taarifa za mtoto wako zinakwenda kwa nani. Mwaka 2017 shirika la kutetea watumiaji la Norway lilichunguza saa za watoto zenye ramani na kukuta baadhi yake zingeweza kuingiliwa na mtu wa nje, akajua mtoto alipo au hata kuzungumza naye. Mwaka huohuo Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri kinachosemwa karibu na mtoto. Vifaa vya aina hii vinauzwa mtandaoni mpaka kwetu, mara nyingi kwa bei ya kuvutia na bila jina la mtengenezaji anayejulikana. Usimvalishe mtoto kitu ambacho hujui nani mwingine anakitazama.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtoto atajua tu. Watoto wetu wanazielewa simu kuliko sisi. Siku atakapogundua, ataacha simu kwa rafiki na kwenda anakotaka, au atatafuta laini ya pili. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu hasara ni kubwa zaidi. Anayejihisi kuchunguzwa huanza kuficha, na hafichi marafiki peke yake: anaficha kwamba hakumeza dawa, kwamba juzi alianguka shuleni, kwamba maumivu ya mifupa yameanza tena. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Tusiwe sisi wazazi tuliomfundisha mtoto kuficha.

Mzazi mwingine atasema: simu nimenunua mimi, bando naweka mimi, kwa nini nimwombe mtoto ruhusa? Hatusemi umwombe. Kwa mtoto wa miaka tisa, uamuzi ni wako na yeye anaelezwa tu. Lakini kijana wa miaka kumi na sita yuko kwenye umri wa kujifunza kujitegemea. Kesho atakwenda chuo au kuanza kazi mkoa mwingine, na atalazimika kukumbuka dawa, maji, kliniki na muda wa kulala bila wewe. Kujifunza huko kunaanza leo, kwa kuachiwa nafasi kidogo kidogo huku akijua upo.

Wekeni makubaliano

Kaeni chini, mzazi na mtoto, mkubaliane mambo machache. Nani ataona mahali alipo? Orodha iwe fupi, baba na mama au mlezi mmoja, wala lisiwe kundi la ukoo mzima. Ataangaliwa wakati gani? Kwa mfano akichelewa nusu saa bila kupiga simu, au akiwa safarini. Akiona dalili za ugonjwa atafanya nini kwanza, na nani atampigia? Ukimkuta mahali ambapo hakukuaga, utamuuliza kabla ya kumhukumu? Na mpango huu mtaupitia lini tena, kila mwaka au anapoingia kidato kingine?

Mtoto asiye na simu, kama walivyo wengi kwa kuwa shule nyingi haziruhusu, naye awe na mpango wake. Akariri namba mbili za simu kichwani. Ajue duka, zahanati au nyumba ya mtu mnayemwamini njiani ambapo anaweza kuomba kupiga simu. Mwalimu wake ajue ugonjwa wake na dawa zake.

Na ikitokea kweli mtoto hajulikani alipo, usingoje saa 24 zipite. Nenda kituo cha polisi, ambako kuna dawati la jinsia na watoto, ukiwa na picha yake ya karibuni, nguo alizovaa, jina la ugonjwa wake na dawa anazotumia. Namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bila malipo, nchini Tanzania na hata Kenya. Mtoto naye aijue, kwa sababu anaweza kuihitaji siku ambayo hawezi kukuambia wewe.

Leo jioni, kabla hujapakua programu yoyote, chukua simu ya mtoto mbele yake, jazeni pamoja zile taarifa za dharura, kisha muulize ni wakati gani angependa ujue alipo. Huenda jibu lake likakushangaza. Watoto wengi wagonjwa wanaogopa kuanguka peke yao kuliko wanavyoogopa kuonwa na mzazi.