Jini Haogopi Umeme

Wasomi wetu wana imani moja ambayo wameishikilia kuliko mgonjwa anavyoshikilia hirizi. Wanaamini kwamba majini na teknolojia hawalali nyumba moja. Umeme ukiwaka, pepo anahamia porini. Mtoto akijua kompyuta, uchawi unabaki hadithi za babu. Ndiyo maana ukisema unataka filamu ya Kiswahili yenye jini ndani ya simu janja, ya kutisha na kuvunja mbavu kwa pamoja, utaambiwa hayo waachie Wazungu. Jini wetu akae mbuyuni.

Huo ni uongo, na anayetaka ushahidi apande treni aende Tabora.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, mji ule ulikuwa tayari njia panda. Barabara moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine ilirudi Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu. Kila kilicho kipya kilipita hapo: bunduki, kaniki, shanga, bei ya pembe kutoka Unguja. Kwenye msafara huohuo alikuwamo fundi wa Pwani na kombe lake na hirizi zake, na Bara akawakuta Baswezi, chama cha mizimu cha Wanyamwezi, na ngoma zao. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Majini wa Pwani walipata makazi mapya, na hawakuja kwa njia za siri. Walikuja kwa njia kuu, pamoja na bidhaa. Unguja mambo ni hayohayo. Pepo wa kibuki, ambaye asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, akipanda kichwani kwa mtu anadai brandi. Mzimu wa msituni angeijulia wapi brandi? Huyo alikuja kwa meli.

Akaja mkoloni na mitambo yake. Wasomi wangetegemea giza lipungue, lakini ndipo Afrika Mashariki ilipopata zimwi lake la kisasa kuliko yote: mumiani, anayenyonya watu damu. Huyu hakuwa na pembe wala kwato. Alikuwa na gari, sindano, sare na mshahara wa serikali. Nairobi na Kampala watu waliwaogopa wazimamoto, ati ndio wanyonyaji, na gari lao jekundu likatosha kuwa ushahidi. Tanganyika nayo ilikuwa na mumiani wake, na wazee wanajua majina ya mitaa ambako mtoto hakuruhusiwa kupita jioni. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kikatoka mwaka 2000. Kwangu mimi hiyo ndiyo filamu yetu ya kwanza ya sayansi ya kubuni, ila ilichezwa bila kamera.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na leo reli ya kisasa, SGR, inajengwa kuelekea hukohuko. Je, mganga amefunga kilinge? Tazama nguzo za umeme katika mji wowote wa nchi hii. Kibao cha bati kimepigiliwa misumari: mvuto wa mapenzi, mali iliyoibwa, nguvu za kiume, vyeo kazini, halafu namba mbili za simu za mitandao tofauti, mteja asije akakosa salio. Nguzo iliyoleta mwanga ndiyo inayomtangaza mwenye giza. Ukipiga, unaambiwa majini wanataka ubani na mbuzi mweusi, ila kwa kuwa uko mbali, tuma pesa kwa simu vitanunuliwa hukohuko. Wengine hawangoji upige. Wanakutumia ujumbe wa kukukaribisha Freemason ukawe tajiri kabla ya Ijumaa, na Kiswahili chenyewe kimejaa makosa ya herufi. Shetani gani huyo asiyejua kuandika?

Hapo ndipo ninapotaka filamu ya kuchekesha. Mussa Banzi alitutisha kwa filamu zake Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000, na nilimwogopa Shumileta kama watu wengine. Lakini mtazamaji wetu hajawahi kuogopa tu. Kaa kwenye kibanda umiza cha video uone: zimwi likitokea, nusu ya watu wanapiga kelele, nusu wanalitania. Lufufu, bingwa wa kutafsiri filamu, alijua hilo, akatia maneno yake mwenyewe juu ya filamu za wageni. Ungo wa wachawi ulioishiwa mafuta ukaanguka juu ya bati la jirani ni kichekesho tunachosimuliana kila mwaka. Mwandishi wa kukiandika tu ndiye aliyekosekana.

Najua nitakavyojibiwa. Kanda hii ya magharibi imeona vikongwe wakikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi za jikoni. Imeona watu wenye ualbino wakiwindwa hadi serikali ikapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Utacheka nini hapo? Kwa waliouawa sicheki. Lakini nauliza: ramli ile ilipigwa zama za mawe? Ilipigwa zama za simu, na wateja wake baadhi walikuwa watu wenye magari na ndoto za migodi na vyeo. Tukiendelea kuwaambia watoto kwamba maendeleo yenyewe yatamfukuza mpiga ramli, tunampa muda wa kununua laini nyingine. Yeye anaishi kwa kuogopwa, na anayechekwa hadharani biashara yake inayumba.

Basi waandaaji wa filamu, tokeni Sinza na Kinondoni, huko Dar es Salaam. Njooni Tabora na kamera zenu, mkalale karibu na Kwihara, mkawasikilize wazee wa reli na vijana wanaotengeneza simu sokoni. Jini mwekeeni laini mbili na deni la bando. Na atakayewaambia hiyo si Afrika, mwombeni awaonyeshe simu yake, msome ujumbe aliotumiwa wiki hii.