Uwanja wa Wengi, Vyumba vya Wachache

Kila uwanja wa zamani wa michezo unapotaka kutengenezwa, husikika kauli moja: ati mashabiki waulizwe, na watakalo lifanywe. Kauli hiyo yapendeza masikioni, lakini haina maana mpaka tuulize kwanza, mashabiki gani? Maana yuko shabiki aketiye juu ya ubao mvuani. Yuko aketiye katika chumba cha kioo, miguu yake juu ya zulia. Na yuko yule asiyeweza kuingia kabisa, kwa kuwa njia yote ni ngazi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba uwanja wa chuo ukitengenezwa, huyu wa tatu ndiye astahiliye kufikiriwa kwanza, na mwenye chumba cha kioo afikiriwe mwisho.

Mfano wangu nauchukua Marekani, maana huko viwanja vya vyuo vimekuwa vikubwa kupita vya mataifa mengi. Mchezo wenyewe si mpira wa miguu tuujuao sisi. Ni ule wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu vichwani. Wanafunzi huchezea vyuo vyao, na siku ya mchezo mji mzima waweza kuhamia uwanjani. Harvard wana uwanja uliojengwa mwaka 1903, na Yale wana uwanja wa mwaka 1914. Viwanja hivyo ni vizee kuliko karibu wote wanaovijaza, na ndiyo sababu swali la kuvitengeneza halina mwisho.

Katika mji wa Ann Arbor, Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua uwanja wake mwaka 1927, nao ulikuwa na nafasi za watu 72,000. Aliyeupigania sana ni Fielding Yost, mkuu wa michezo chuoni. Sehemu kubwa yake ilichimbwa ardhini kama bakuli, hata mpita njia hakuweza kudhani kuwa ndani mna nafasi ya umati mkubwa kiasi hicho. Fedha zilipatikana kwa kuuza hati za mkopo 3,000, kila moja kwa dola 500, na kila aliyenunua alipewa haki ya kupata tiketi za mahali pazuri kwa muda wa miaka kumi. Naam, hata wakati ule mwenye fedha alitangulizwa. Lakini angalieni tofauti: upendeleo huo ulikuwa na mwisho wake, na aliyeupata aliketi juu ya ubao kama jirani yake, akipigwa na jua lilelile.

Miaka themanini baadaye mambo yalibadilika. Kati ya mwaka 2007 na 2010 uwanja huo ulitengenezwa kwa dola milioni 226. Majengo mawili marefu yalisimamishwa, moja mashariki na moja magharibi, na ndani yake mkawekwa vyumba vya fahari vipatavyo 80 pamoja na viti vya heshima vipatavyo 3,000. Kabla ya kazi kuanza mashabiki waligawanyika. Wengine walisema kwamba uwanja uliojulikana kwa kuwaketisha watu wote pamoja sasa utawatenga, matajiri juu na wengine chini. Wengine walijibu kwamba vyoo havitoshi, njia ni nyembamba, na kwamba matajiri wakilipa, wote watafaidika.

Sitaki kuwadhulumu hao wa pili. Ni kweli kwamba vyoo viliongezwa na njia zikapanuliwa, na mtu wa kawaida alipata nafuu. Lakini sikilizeni habari ya shabiki wa tatu. Katika uwanja ule wenye nafasi zaidi ya 107,000, nafasi za watu watumiao viti vya magurudumu hazikufika 100. Hesabu hiyo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya: ni chini ya nafasi moja katika kila elfu. Sheria ya Marekani ya kuwalinda watu wenye ulemavu ilikuwapo tangu mwaka 1990. Hata hivyo ilibidi chama cha askari wa zamani waliopooza kukishtaki chuo mahakamani mwaka 2007. Chuo kilijitetea kwamba kazi zilizofanywa huko nyuma zilikuwa za ukarabati tu, si za kuubadili uwanja, na kwa hiyo sheria haikukilazimisha kuongeza nafasi. Mwaka 2008 pande mbili zikapatana, na nafasi zaidi ya 300 zikaahidiwa.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Vyumba vya matajiri vilichorwa tangu siku ya kwanza, wala hakuna tajiri aliyehitaji wakili ili akumbukwe. Mtu aliyepoteza nguvu za miguu yake, naye huenda alizipoteza akiitumikia nchi yake, alikumbukwa baada ya kushtaki. Chuo chenye walimu wa sheria na wahandisi hakikukosa maarifa ya kuliona jambo hilo. Kilichokosekana ni mpango wa nani atangulie na nani afuate. Mwenye kualika watu nyumbani hujali kwanza kwamba kila mgeni ataweza kupita mlangoni. Mambo ya mito na mapambo huja baadaye.

Atatokea mtu aseme, “Bila vyumba vya matajiri, fedha zitatoka wapi?” Swali hilo ni la haki, na jibu lake tutalipata Berkeley. Uwanja wa Chuo Kikuu cha California ulifunguliwa hapo mwaka 1923, nao umejengwa juu ya ufa wa ardhi uitwao Hayward, ambao mara ya mwisho ulileta tetemeko kubwa mwaka 1868. Ufa huo wapita chini ya uwanja kutoka upande wa goli moja mpaka upande wa goli la pili, na ardhi yake husogea polepole mwaka hata mwaka, ikipasua kuta. Wenyeji wa pwani husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Berkeley hakuna awezaye kuuziba ufa wenyewe, basi ilikuwa lazima ukuta ujengwe upya. Baadhi ya sehemu za viti zikawekwa juu ya misingi iwezayo kusogea ardhi ikisogea. Hapo shabiki asemaye kwamba uwanja wa babu zetu usiguswe kabisa hana la kujibu. Mapenzi ya mambo ya kale hayawezi kuzidi uhai wa watu 60,000 waketio juu ya ufa.

Basi kazi ile ilikuwa ya lazima, lakini tazameni namna ilivyolipiwa. Iligharimu dola milioni 321, na uwanja ukafunguliwa tena mwaka 2012. Chuo kilitumaini kuwauzia matajiri haki ya kuketi mahali pazuri kwa miaka 40 au 50, tena kwa bei kubwa mno. Wanunuzi hawakutokea kama ilivyotumainiwa, lakini deni halikungoja. Idara ya michezo ikalemewa, na mwaka 2018 chuo chenyewe kikakubali kubeba sehemu kubwa ya deni hilo. Na fedha za chuo ni zipi, isipokuwa zile ambazo zingetumika kwa madarasa, maktaba na walimu? Msemo wa kwamba matajiri watalipa una sharti lisilotajwa: watalipa wakitaka. Wasipotaka, mwanafunzi asiyewahi kukanyaga uwanjani hulipa pamoja na wengine.

Wala si kweli kwamba hapana njia nyingine. Si mbali na Berkeley, Chuo cha Stanford kilikuwa na uwanja wa mwaka 1921 uliopanuliwa hata ukachukua watu zaidi ya 80,000. Kwa michezo mingi viti vilibaki vitupu, na njia ya wakimbiaji iliyouzunguka uwanja iliwaweka watazamaji mbali na mchezo. Mchezo wa mwisho wa msimu wa mwaka 2005 ulipokwisha, ulibomolewa, na kabla ya mwaka kupita ukafunguliwa mwingine mahali palepale, wenye nafasi zipatazo 50,000. Njia ya wakimbiaji iliondolewa, viti vikasogezwa karibu. Wako waliosikitika kuuona uwanja mkubwa ukipunguzwa, maana kuna watu wapimao heshima ya chuo kwa idadi ya viti vyake. Lakini nauliza, viti 30,000 visivyo na watu vyampa nani heshima? Aketiye nyuma kabisa naye ni shabiki, na kumsogeza karibu ni kumfaa kuliko kumwonyesha ukubwa.

Kutokana na mifano hiyo mitatu, naona yapo maswali ambayo kila kamati ya uwanja wa chuo ingepasa kuyajibu mbele ya watu wote kabla ya jiwe la kwanza kuondolewa. La kwanza: je, aliye dhaifu kuliko wote ataweza kuingia, kuona na kutoka salama? La pili: je, aketiye juu ya ubao wa bei ndogo atapata nafuu gani, na tiketi yake itabaki katika uwezo wake? La tatu: fedha zinazotumainiwa zisipopatikana, nani atalipa? Maswali haya yakijibiwa vizuri, sina ugomvi na chumba cha kioo. Kijengwe, mradi kisichukue nafasi ya mtu wala kisiache deni kwa mtu. Yasipojibiwa, basi neno “mashabiki” hutumiwa kama pazia, nyuma yake wakiwamo watu wachache sana.

Nanyi msomao haya, msidhani kwamba habari hizi ni za Wamarekani peke yao. Siku moja mtaketi katika kamati ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya soko, na mbele yenu itawekwa ramani ya jengo la zamani linalotaka kufanywa jipya. Mtaonyeshwa kwanza ukumbi wa wageni wa heshima, maana huo ndio hupendeza katika picha. Msikubali kuanzia hapo. Ulizeni mlango uko wapi, una upana gani, na kama una ngazi, ni nani atakayebaki nje.