Gesi Haiendi Matembezi

Hoja ya baadhi ya mafundi ni hii: kiyoyozi cha gari kuukuu kikikatakata, ongeza gesi. Ajabu! Gesi iliyovuja hairudi. Basi kiyoyozi kilichozima mchana Voi na kupoza tena jioni Mwatate kimejazwa na nani njiani? Itazameni klachi ya kompresa: ikilika, pengo lake hupanuka, na koili ikishika joto sumaku hudhoofika, ikashindwa kuivuta. Au feni ya kondensa imekufa, ndiyo maana baridi huja gari likikimbia kuelekea Maungu na kutoweka kwenye foleni. Watasema gesi pungufu nayo hukatakata. Kweli, ila hiyo huwasha na kuzima kompresa kila baada ya sekunde chache, na geji huionyesha. Kujaza bila kupima hupandisha presha hadi swichi ya usalama iizime kompresa nzima, kisha mteja auziwe nyingine.