Bukoba baada ya Desemba: Mji wa kutembea kwa miguu wakosa wa kuutembea

WIKI ya kwanza ya Januari inapomalizika, mji wa Bukoba hurudi katika ukimya wake. Magari yaliyokuja na vumbi la safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam huwa yamekwisha kuondoka. Nyumba za wageni zilizojaa tangu katikati ya Desemba hubaki na funguo ukutani, na wachoma samaki wa ufukweni hufunga biashara mapema kwa kukosa wanunuzi.

Huo ndio msimu wa utalii wa Bukoba, ikiwa jina hilo linafaa. Wageni wake wakuu si Wazungu wenye kamera bali ni wana wa Kagera wenyewe, wanaorudi kula Krismasi, kufunga ndoa, kusalimia wazee na kukagua migomba. Hutumia fedha kwa majuma matatu, wakatambiana kwa utani ule wa 'nshomile' ambao Watanzania wengine wameuzoea, kisha wakaondoka. Miezi kumi na moja inayobaki mji hujitegemea.

Jambo la kushangaza ni kwamba kalenda hiyo imegeuzwa kichwa chini. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo makubwa, na Desemba nayo ni mwezi wa mvua. Kiangazi cha kweli ni Juni hadi Agosti, wakati ziwa linapokuwa na rangi ya samawati, njia zimekauka na kahawa imeanikwa nyuani. Huo huo ndio wakati ambao mgeni anaweza kutembea ufukwe mzima akakutana na wavuvi na wanafunzi tu. Kwa maneno mengine, Bukoba hujaza vitanda wakati wa matope na kuviacha vitupu wakati wa jua.

Anayekuja Desemba ana sababu yake, bila shaka. Mbali na ndugu, kuna senene, ambao kuanzia Novemba huvutwa na taa za usiku, wakakaangwa na kuuzwa kwa vikombe. Lakini senene hawajazi hoteli.

Wachunguzi wa masuala ya utalii wanapoitazama Kagera, kwa kawaida huanza na hifadhi. Mwaka 2019 mkoa ulipata hifadhi za Taifa tatu kwa mpigo: Burigi-Chato, ambayo imeingia pia Geita, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ni hatua kubwa. Hata hivyo hifadhi zote tatu ziko mbali na mji, zinahitaji gari na mafuta, na anayezitembelea anaweza asilale Bukoba hata usiku mmoja. Mali ambayo mji wenyewe unayo ni nyingine kabisa, nayo ni ufupi wa masafa yake.

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, kando ya maji, na kutoka hapo hadi katikati ya mji ni mwendo wa miguu usiozidi nusu saa. Katika mzunguko huo mdogo mgeni atapita Uwanja wa Kaitaba, nyumbani kwa Kagera Sugar, atavuka Mto Kanoni, ataona Duka Kubwa lililobaki tangu enzi za Wajerumani, ataingia sokoni kwenye ndizi na dagaa, na kufika katika Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki. Humo amezikwa upya, tangu mwaka 2012, Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Kardinali, aliyepewa cheo hicho mwaka 1960. Akipanda Bunena atauona mji wote chini yake, na mbele yake, ndani ya maji, jabali la Kisiwa cha Musira.

Historia nayo imelundikana hapo hapo. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani mwaka 1890. Robo karne baadaye, Juni 22 na 23, 1915, majeshi ya Uingereza yaliyosafirishwa kwa meli kutoka Kisumu yaliteremka kaskazini mwa mji, yakapigana kuelekea katikati na kuubomoa mnara wa simu ya upepo ambao Wajerumani waliutegemea kwa mawasiliano. Miongoni mwa askari hao alikuwamo mwindaji Frederick Selous, yule ambaye pori kubwa la akiba la kusini lilipewa jina lake. Mapigano yote hayo yanaweza kufuatwa kwa miguu kwa asubuhi moja. Mgeni atatafuta kibao cha kumweleza hivyo bila mafanikio.

Kwa kulinganisha, upo mji mmoja wa pwani kaskazini mwa Hispania, katika nchi ya Wabaski, unaofanana na Bukoba kwa umbo kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Unaitwa San Sebastián, au Donostia kwa lugha ya wenyeji. Una wakazi wasiofika 200,000. Bukoba ilikuwa na watu 128,796 katika sensa ya 2012. Una ghuba yenye mchanga, vilima pembeni, na kisiwa kidogo, Santa Clara, kilichokaa katikati ya maji kama Musira ilivyokaa mbele ya Bukoba. Na mvua yake si haba.

Mji huo ulianza kama wa msimu mmoja. Malkia Isabella wa Pili alikwenda kuoga baharini mwaka 1845 kwa ushauri wa madaktari, na kuanzia mwaka 1887 Maria Cristina, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, akawa anahamia huko kila kiangazi pamoja na watumishi wa serikali. Matajiri wakafuata. Kiangazi kikiisha, wote waliondoka, kama wanavyoondoka wana wa Kagera Januari.

Kilichobadilika baadaye ni kwamba wenyeji walianza kuijaza miezi mitupu kwa mambo yao wenyewe. Tamasha la filamu, lililoanza mwaka 1953, liliwekwa Septemba, kiangazi kinapokwisha. Januari 20 mji mzima hupiga ngoma kwa saa 24 kumkumbuka mtakatifu wao. Kuanzia Januari hadi majira ya kuchipua watu huenda katika nyumba za kukamulia tufaha zilizo nje ya mji kunywa pombe yake mpya moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Mgeni wa Februari hapati jua. Hupata mji ambao anaweza kuuvuka kwa miguu kutoka ufukwe hadi mtaa mkongwe wenye baa zilizopangana, ambako husimama, akala kipande kimoja cha samaki, akaenda mlango wa pili. Hakuna kati ya mambo hayo kilichobuniwa na idara ya utalii. Ngoma na pombe ya tufaha vilikuwapo tangu zamani.

Bukoba ina vya kwake. Kahawa ya robusta ya Kagera, ambayo Wahaya waliitafuna na kupeana wageni kabla ya mkoloni kuifanya zao la biashara, huvunwa katika miezi hii mikavu. Kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya unga kimo mjini humo. Chama Kikuu cha Ushirika cha KCU ni mrithi wa ushirika wa enzi za ukoloni. Lakini mgeni anayetaka kuonyeshwa safari ya buni kutoka mtini hadi kikombeni, bila kupanda gari la kukodi, hajui aanzie wapi. Katika migahawa mingi ataletewa maji ya moto na kopo. Kwa mji uliojengwa kwa fedha za kahawa, hilo ni jambo la aibu kidogo.

Wapo watakaosema tatizo si vivutio bali ni hofu, na hoja yao haiwezi kupuuzwa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Zipo familia ambazo hadi leo hazipandi meli. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba na shule. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafa, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ukatangazwa mkoani humo, na tena Januari 2025 huko Biharamulo. Milipuko yote miwili ilidhibitiwa ndani ya miezi michache.

Hata hivyo, San Sebastián nayo ilikuwa mji wa hofu. Kwa miongo kadhaa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi na mauaji ya kundi la ETA, ambalo lilitangaza kuacha silaha mwaka 2011 na kujivunja 2018. Watu walirudi kidogo kidogo, kwa kuwa njia zilikuwa salama na mtu aliyekwenda alirejea akawasimulia wengine. Kwa upande wa Kagera njia nazo zimebadilika. MV Victoria ilirejea majini Agosti 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Meli mpya ya MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa ziwani Februari 2023. Daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na msafiri wa barabara kutoka Mwanza hasubiri tena kivuko. Kwa upande wa pili, Mutukula iko karibu kiasi kwamba mgeni kutoka Kampala anaweza kufika Bukoba kwa basi siku hiyo hiyo.

Hivyo basi, kufika si kikwazo kama zamani. Swali ni atakachokikuta anapofika, na hapo ndipo pana hatari ambayo haijadiliwi vya kutosha. Mji wa kutembea kwa miguu unaweza kupotea bila mtu yeyote kuamua upotee. Kibanda kinajengwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, mtaro unabaki wazi, bodaboda zinageuza ukingo wa barabara kuwa kituo, kiwanja cha ufukweni kinazungushiwa ukuta. Mwishowe anayetoka sokoni kwenda ziwani analazimika kupita katikati ya magari.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kwa kawaida kifungu hicho huzungumzwa kama adhabu: nani abomolewe. Kwa Bukoba kinaweza kusomwa kama ramani. Mita 60 zilizo wazi kando ya ziwa, zikiungana na ukingo wa Kanoni unaopenya hadi mjini, ni njia ya matembezi ambayo haihitaji kununuliwa kwa mtu. Maji yenyewe yametoa onyo: kina cha Ziwa Victoria kilivunja rekodi Mei 2020 na tena 2024, na waliojenga karibu mno walijionea.

Ikumbukwe kuwa Bukoba imewahi kuvunjika kwa ajili ya mipango yake. Mwaka 2013 mgogoro uliohusu miradi ya manispaa, ukiwamo ule wa soko kuu, ulilipasua Baraza la Madiwani hadi wanane wa CCM wakavuliwa uanachama na mkoa kabla ya ngazi ya Taifa kuingilia. Wakati huo mbunge wa mji huo, Balozi Khamis Kagasheki, ndiye aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Hapakuwahi kuwa na nafasi nzuri kuliko hiyo, nayo ikapita katika malumbano.

Matembezi ya miguu hukomea kwenye maji, lakini safari haikomei hapo. Kusini, mbele ya pwani ya Muleba, kipo Kisiwa cha Bumbire. Jina hilo lilisomwa London na New York pale Henry Morton Stanley alipoandika magazetini jinsi wakazi walivyoinyang'anya makasia mashua yake mwezi Aprili 1875, na jinsi alivyorudi Agosti na bunduki na kuwapiga risasi waliosimama ufukweni na mikuki. Simulizi yake mwenyewe ndiyo iliyomletea lawama Uingereza. Leo anayetaka kufika husafiri kwa mitumbwi ya injini pamoja na magunia ya dagaa, kwa ratiba ya wavuvi.

Bumbire nayo ina msimu wake, usiofuata Krismasi wala kiangazi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, mitumbwi hupumzishwa, nyavu hushonwa na vijana hukaa bila kipato. Siku hizo, kila mwezi, wapo watu wenye mitumbwi, wenye kulijua ziwa, na wasio na kazi. Kupeleka wageni wachache visiwani kungewafaa, mradi kuwe na maboya ya kuvaa kwa kila abiria na chombo kilichokaguliwa. Bila hayo afadhali wasiende.

San Sebastián sasa inalalamikia wageni kuzidi: kodi za nyumba zimepanda, manispaa imechukua hatua za kuzuia hoteli mpya, na wakazi wameandamana. Ni tatizo ambalo wenye nyumba za wageni wa Bukoba, ambako mnyauko wa migomba uliingia katikati ya miaka ya 2000 na bei ya kahawa haitabiriki, wangelipokea kwa furaha kwa mwaka mmoja wa majaribio.

Mwaka mpya wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, katikati ya kiangazi cha Bukoba. Siku hiyo njia ya kwenda ziwani huwa kavu, Musira huonekana wazi hadi kwenye miti yake, na meza za ufukweni huwa na nafasi.