Ziara ya Mtoto wa Awali Isipimwe kwa Kilomita

Muhula unapokaribia kwisha, mzazi wa Kahama, Geita au Shinyanga mjini hupokea barua fupi kutoka shuleni. Barua hutaja kiasi cha mchango, saa ya kuondoka basi, ambayo mara nyingi ni alfajiri, na kumtaka mtoto aje na chakula. Safari inaelekea Mwanza, kwenye wanyama wa Kisiwa cha Saanane au makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Shule zenye uwezo mkubwa hutaja Serengeti. Mzazi mwenye pesa hulipa. Asiye nazo humbakiza mtoto nyumbani, naye mtoto huyo hukaa wiki nzima akisikiliza masimulizi ya wenzake.

Wote wawili, aliyelipa na asiyelipa, huamini kwamba aliyebaki nyumbani ndiye aliyekosa. Imani hiyo inahitaji kuchunguzwa, na si kazi ya walimu peke yao, kwa kuwa matokeo ya ziara iliyopangwa vibaya huishia mikononi mwa mhudumu wa afya: mtoto anayetapika na kuharisha usiku ule, mwenye selimundu aliyerudi na maumivu ya mifupa, au yule ambaye mkojo wake utakuwa na damu miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba siku fulani alioga lamboni.

Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 150. Mtoto wa miaka mitano hukaa kitini karibu saa tatu akienda, na tatu nyingine akirudi. Kati ya hapo hupitishwa mbele ya vizimba na vibao kwa mwendo wa haraka, akiwa ameshikwa mkono ili asipotee. Jioni ukimuuliza aliona nini, atakueleza habari za basi. Hakosei. Basi ndilo alilopewa muda wa kulitazama.

Ubongo wa mtoto hufikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima afikapo miaka mitano. Kinachoujenga katika umri huo si wingi wa vitu vilivyopita mbele ya macho. Ni kugusa, kuuliza, kujibiwa, kurudia, na kupewa jina la kitu akiwa amekishika. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inasisitiza jambo hilohilo inapotaja ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, ulinzi na malezi yenye mwitikio. Mwitikio unahitaji mtu mzima mwenye nafasi ya kumsikiliza mtoto. Mwongozo wa elimu ya awali nchini unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila aliyeingia katika darasa la awali la shule ya umma katika ukanda huu anajua hesabu hiyo iko mbali kiasi gani na hali halisi. Darasa lisilo na watu wazima wa kutosha ndani ya kuta nne halipati wengine kwa kupandishwa basi.

Mkoa wa Shinyanga unayo mahali bora pa kumpeleka mtoto mdogo, napo hapana kiingilio. Ni ngitili. Wasukuma wamekuwa tangu zamani wakitenga sehemu ya malisho wakati wa masika ili nyasi zikue na mifugo ipate chakula kiangazi. Desturi hiyo ilidhoofika miti ilipofyekwa kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata Shinyanga ikaanza kutajwa kama nchi inayogeuka jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, nao ukaijenga upya desturi ileile ya wenyeji. Maeneo ya ngitili yaliyokuwa yamebaki hekta mia chache yaliongezeka hadi kufikia mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa. Watafiti wametoka mbali kuja kuzitazama ngitili hizi. Mtoto wa darasa la awali anayekaa nusu saa ya kutembea kutoka hapo hajapelekwa.

Ndani ya ngitili mna mambo yanayomtosha mtoto asubuhi nzima: magamba ya mkwaju ya kupasua na kuonja, miiba ya mgunga ya kuhesabu, mavi ya mbuzi na ya ng'ombe ya kulinganisha (watu wazima hukunja uso, watoto hucheka, na somo la ukubwa na umbo huingia lenyewe), kichuguu, manyoya ya ndege, kivuli kinachosogea. Mzee mmoja anayejua majina ya miti kwa Kisukuma na kwa Kiswahili anafaa kuliko kibao chochote. Mtoto wa mchimbaji aliyehamia kutoka Kigoma au Mara atajifunza maneno mapya, na mwenyeji atajifunza kwamba jambo alilolizoea lina thamani ya kuoneshwa mgeni. Matembezi hayo yafanyike kati ya Juni na Agosti, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kila mtoto avae viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ya miiba na nyoka, na mtu mzima atangulie kukagua njia na kuhakikisha hakuna nyuki karibu.

Kuna ziara nyingine ambayo katika ukanda wa dhahabu huonekana ya maana sana: kuwapeleka watoto wakaone wazazi wao wanavyofanya kazi machimboni. Nia ni njema. Mtoto wa Katoro, Nyarugusu au Kakola huishi kwa dhahabu, na ni haki yake kujua chakula chake kinatoka wapi. Hata hivyo mtoto wa awali asipelekwe kwenye duara, kwenye karasha wala kwenye mwalo wa kuchenjulia, hata kwa dakika kumi, hata akiwa amebebwa.

Hatari ya shimo inaonekana. Ya zebaki haionekani. Zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa, ikashika dhahabu, kisha donge hilo huchomwa ili zebaki iondoke kama mvuke usio na rangi wala harufu. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wake, na mfumo wake wa fahamu bado unajengwa. Marudio nayo, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, hulundikwa kama vilima laini vinavyomvutia kila mtoto kuchimba na kuteleza. Mkono huo huenda kinywani. Mwaka 2010, katika Jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto wadogo walifariki kwa sumu ya risasi iliyotokana na mawe ya dhahabu yaliyosagwa katika makazi. Miamba ya Geita si ile ya Zamfara, wala haifai kuwatisha watu kwa mfano huo. Lakini njia ya sumu, kutoka kwenye vumbi hadi mkononi hadi mdomoni, ni ileile. Mzazi mchimbaji anayetaka kumwonesha mtoto kazi yake afike shuleni akiwa amevaa nguo safi, achukue jiwe lisilosagwa na picha, asimulie. Watoto watamsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mwalimu.

Kuhusu maji, neno ni fupi. Ziwani kuna konokono wanaobeba kichocho cha tumbo. Katika malambo na madimbwi ya Shinyanga wapo wanaobeba kichocho cha mkojo. Vimelea hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi ya jua hadi alasiri, yaani saa zilezile ambazo basi la shule huwa limefika, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Ufukwe utazamwe kwa mbali. Kampeni za kugawa dawa shuleni zimewalenga zaidi watoto wa shule za msingi, wakati Shirika la Afya Duniani tangu 2022 limependekeza tiba kuanzia umri wa miaka miwili, na mwaka 2024 likaithibitisha dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Hadi dawa hiyo izoeleke katika zahanati za vijijini, mwalimu anayewazuia watoto kuingia majini anafanya kazi ya daktari.

Linalouma zaidi ni orodha ya wanaoachwa. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na mara nyingi mwalimu, kwa hofu iliyo wazi, humwambia mama: huyu abaki, tusije tukapata matatizo. Mama naye hukubali, kwani amekwisha kulala naye wodini mara nyingi. Mtoto hujifunza siku hiyo kwamba mwili wake ni kosa. Kitabibu hakuna sababu ya kumwacha katika matembezi ya karibu. Anahitaji maji ya kunywa mara kwa mara bila kusubiri kiu, kivuli, mapumziko, ruhusa ya kutokimbia, na kutolowa kwenye maji baridi. Anahitaji pia mtu mzima anayejua kwamba homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu yasiyotulia, kupumua kwa shida au tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto ni safari ya hospitali papo hapo. Vivyo hivyo mwenye kifafa: akipata degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, na likizidi dakika tano apelekwe hospitali. Mambo haya huandikika kwenye nusu ya karatasi. Daktari au muuguzi wa kliniki ya selimundu akiiandika na kumpa mama aipeleke shuleni, mlango uliofungwa utafunguka. Safari ya saa tatu kwenye basi, mbali na hospitali inayomfahamu mtoto, ni jambo jingine, na ni sababu moja zaidi ya kuchagua mahali pa karibu.

Chakula nacho. Wali na nyama vilivyopikwa saa tisa usiku, vikafungwa vya moto ndani ya hotipoti na kuliwa saa nane mchana, ndivyo huleta kuhara kwa kundi zima. Matobolwa, viazi vilivyochemshwa na ndizi hustahimili siku. Karanga, ambazo ni mwenzi wa matobolwa tangu enzi za mababu, zisagwe. Punje nzima humpalia mtoto wa chini ya miaka mitano, na walioshuhudia punje ikitolewa kwenye njia ya hewa hawasahau. Sabuni na dumu la maji ya kunawa vitangulie kabla ya chakula.

Barabara haihitaji maneno mengi. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wakubwa, wa darasa la saba, nao walikuwa na safari yenye sababu. Kumpakia mtoto wa miaka minne kwenye gari lililojaa, alfajiri, kwa ajili ya kumtazama simba aliyelala, kunataka sababu nzito kuliko ile iliyoandikwa kwenye barua.

Mahali pengine pa karibu ni zahanati yenyewe. Watoto wengi wa ukanda huu wameingia humo kwa sindano tu, ndiyo maana hulia wakiona koti jeupe. Mganga mfawidhi anaweza kuchagua alasiri moja isiyo ya kliniki, wagonjwa wakiwa wachache, akawapokea watoto ishirini. Wapime uzito wa mwanasesere, wasikilize mapigo ya moyo ya mwenzao, waoneshwe jokofu la chanjo na kuambiwa kwa nini halifunguliwi ovyo, wanawe mikono kwa zamu. Muuguzi akae chini, si kwenye kiti, ili uso wake uwe sawa na nyuso zao. Gharama yake ni saa moja na nusu, na barua ya kuomba ruhusa kwa wazazi inayoeleza, badala ya kiasi cha mchango, kwamba kila mtoto aje na chupa ya maji, na kwamba hakuna atakayebaki.